Maziwa ya Sura ya Nane

Ng'ombe wa mama mkwe wangu alikauka maziwa siku ya Jumatano, na kosa likawa langu, kwa sababu ya sura ya nane ya kitabu changu.

Nasema "kitabu" kwa kujipa moyo. Zilikuwa kaye mbili, daftari za shule za mistari, nilizozijaza kwa kreyo, penseli ya kuchonga, tangu baada ya Pasaka, kila mara Victorine alipolala. Victorine ni mtoto wangu wa kwanza. Mwaka ule wa 1955 alikuwa na miezi minane na meno mawili, na usingizi wake ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi. Kwa hiyo sura zangu nazo zilikuwa fupi.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni Madame Geneviève, aliyetufundisha sisi wanawake masomo ya magaribi, kazi za mchana zikiisha, hapa Nyamitaba. Siku moja alitusomea karatasi iliyotoka Bukavu: kiwanda kimoja cha vitabu kinatafuta hadithi ndefu za Kiswahili, zilizotungwa na watu wa huku huku, na kaye zote zifike kabla mwezi wa sita haujaisha. Alipomaliza kusoma akaniangalia mimi. Katika wanawake kumi na wanne, mimi! Kamyo ya mwisho ya kuzifikisha kwa wakati ilikuwa ile ya Polycarpe, inayopakia viazi na kushuka Sake hadi Goma, penye meli ya Bukavu. Inapita Jumamosi asubuhi. Geneviève alikuwa amekwisha kusema naye.

Jumatano ng'ombe, Jumamosi kamyo. Katikati nilikuwa mimi, na mtoto mgongoni.

Kosa langu la kweli lilikuwa kusoma kwa sauti. Mama mkwe hajui kusoma. Watu wa kilima humwita Nyiramana. Mimi namwita Mama. Aliniona nimeinamia kaye, midomo inatembea, akaniuliza:

"Unaongea na nani?"

"Naandika hadithi, Mama."

"Basi sema tusikie. Mikono iko na kazi, masikio iko bure."

Basi ikawa desturi. Kila siku saa kumi, tulipokaa mkekani kuambua maharagi, nilisoma nilichoandika. Jirani yetu Daphrose akisikia sauti yangu alikuja na kikapu chake, eti kwake hakuna kivuli.

Katika sura ya kwanza, msichana wangu Pétronille alikaa Elisabethville, alipiga mashine ya kuandika katika biro, yaani ofisini, na bwana mmoja mwenye kravati na baisikeli alimpenda. Mimi Elisabethville sijaifika. Niliijenga kwa picha mbili za kalenda. Kila magaribi walikaa mezani, wakala mkate, wakanywa divai katika glasi.

"Na asubuhi huyu mutoto alikula nini?" akauliza Mama.

"Sikuandika, Mama."

"Basi alilala na mukate, akaamuka na njaa. Hatafika sura ya tatu."

Sura ya pili nikampa chai. "Chai tupu!" akasema Daphrose. "Hata kiazi kimoja? Ile bwana iko muchoyo. Amuache."

Kufika sura ya tatu nilikuwa nimechoka. Nikampandisha Pétronille katika kamyo, nikamrudisha kilimani kwao. Na hapo, niseme ukweli, kreyo yangu ikaanza kukimbia. Niliandika mateke, yale magimbi yetu, yaliyochomwa ndani ya jivu, yanavyopasuka na kutoa moshi mweupe. Niliandika maharagi mapya, yale ambayo ganda bado ni laini, yamewekwa siagi iliyotoka kibuyuni asubuhi ile ile, siagi yenye harufu ya majani tunayofukizia vyombo. Niliandika ndizi zilizoiva shimoni siku nne, wanaume wakizikamua kwa nyasi, na mutobe ukichuruzika mzito na mtamu mpaka nyuki wanasahau kuuma. Niliposoma yale, mikono ya watu ikasimama juu ya maharagi. Nikafikiri: leo nimekuwa mwandishi.

Ndipo mume wangu Munyakazi, aliyekuwa amesimama mlangoni bila mimi kujua, akasema: "Kasiksi umeitoa siku ya pili."

"Nini?"

"Umeandika: siku ya pili wageni wakanywa kasiksi. Siku ya pili haiko kasiksi, iko mutobe yenye kasirani. Andika siku tatu. Na mutama umekaanga wapi? Bila mutama wa kukaanga hakuna kitu."

Nikafuta, nikaandika pombe ya ndizi ya siku tatu, na mtama. Kesho yake Mama akanirekebisha namna ya kusuka maziwa. Kesho kutwa Daphrose akaja mbio kutoka shambani kuniambia kwamba mboga za lengalenga za sura ya tano zimepikwa mno. Juu ya mapenzi hakuna aliyeniuliza neno. Bwana wa kravati alimfuata Pétronille kutoka Elisabethville mpaka kilimani, safari ya majuma mawili, akapiga magoti mbele ya baba yake. Na kitu pekee walichotaka kujua ni kama alipofika alipewa kitu cha kunywa. Sura ya saba nikawaoza, nikawapa mtoto. Watu wakashangilia, kisha wakauliza karamu ilikuwa na mitungi mingapi.

Sasa sura ya nane.

Madame Geneviève alitufundisha kwamba maziwa ya mtoto yachemshwe, yapande mara tatu, ndipo apewe. Kwetu sisi wafugaji maziwa hayawekwi motoni. Wazee wanasema moto ulio chini ya chungu unapita mpaka kwenye chuchu za ng'ombe na kuzikausha. Mwezi wa nne Victorine aliharisha siku tano. Nilimshika usiku na mchana, nikahesabu mbavu zake kwa vidole, na bado sikuthubutu kuweka chungu motoni katika nyumba ya Mama. Lakini Pétronille alithubutu. Alingoja mama mkwe wake aende misa, akafunga mlango, akachemsha. Mtoto wake akanywa, akapona, akanenepa. Niliandika sura ile nikilia kidogo.

Niliisoma Jumanne. Mama alikung'uta maganda ya maharagi nguoni, akasimama, akaenda.

Jumatano asubuhi Gaju, ng'ombe wetu mwekundu, alitoa maziwa ya kufunika chini ya chombo tu. Mama akaja nacho mpaka mbele yangu, akakiinamisha nione.

"Unaona? Umechemsha maziwa."

"Sikuchemsha, Mama! Ni Pétronille."

"Pétronille anaishi wapi?"

"Ndani ya kaye."

"Na kaye inaishi wapi?"

Macho yangu yakaenda chumbani. Kaye ilikuwa chini ya mto wa kitanda changu.

"Ile ngombe Pétronille alichemsha maziwa yake, ulisema iko rangi gani?"

Ng'ombe ninayemjua vizuri ni mmoja. Nilikuwa nimeandika: ng'ombe mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

"Mama, ni hadithi tu!"

"Hadithi tu! Na wakati mama ya Pétronille alikufa, nani alilia mpaka mutoto akaamuka? Ni mimi?"

Ilikuwa mimi.

Akaingia chumbani kwangu, akatoka na kaye ya pili, ile yenye sura ya tano mpaka ya nane, akaiweka juu ya kichanja cha vyombo vya maziwa. Msomaji wa huku anajua maana yake. Kichanja kile hukigusi kama hujapewa ruhusa na mwenye nyumba. Mke wa mwana anaweza kukaa miaka kumi bila kusogeza hata kifuniko. Angeitupa kisimani ningeifuata. Pale, nilibaki kuitazama.

"Itatoka siku maziwa itatoka," akasema Mama.

Nikamwendea Munyakazi. Nilitegemea atacheka, maana ndiye aliyeninunulia zile kaye. Lakini alitazama vidole vya miguu yake, akasema, "Mama ni mama," akaacha kiazi nusu katika sahani, akaenda kuangalia ndizi zake shimoni. Munyakazi hajaacha kiazi tangu nimeolewa. Ningepaswa kushituka, lakini hasira inaziba macho.

Alhamisi maziwa yakazidi kupungua. Victorine akanyonya kwangu mpaka nikaona nyota. Mama alipita mara tatu mbele ya kichanja, na kila mara akaiangalia kaye kama mtu anayeangalia nyoka kwenye paa.

Ijumaa asubuhi nilikutana na Daphrose kisimani.

"Gaju iko namna gani?"

"Ni vibaya tu. Na wewe?"

"Ya kwangu inatoa nusu, tangu Jumatano."

"Ng'ombe yako nayo ilisikia sura ya nane?"

Daphrose akacheka mpaka mtungi ukamwagika. "Sindano, mama! Jumatatu dokta ya ngombe alipita, akadunga zote, kule chini kwa lupango ya kufungia ngombe. Alisema maziwa itapunguka siku ine ao tano, kisha itarudi. Bwana yako hakukuambia? Njo alikuwa wa kwanza kwa mustari!"

Mtungi wangu nao nikauweka chini.

Mama alikuwa amekataza sindano tangu mwaka uliopita. Alisema ng'ombe akitobolewa, maziwa yanapata njia nyingine ya kutokea. Na Jumatatu Munyakazi alituaga akisema anampeleka Gaju kulamba chumvi.

Nilimkuta anapima mutobe kwa kidole, uso mtulivu kama wa mtakatifu katika picha.

"Papa Victorine. Gaju alidungwa sindano?"

"Nani alikuambia?"

"Ninauliza: alidungwa?"

"Kidogo."

"Kidogo! Na mimi unaniacha siku tatu ninaitwa mchawi wa maziwa?"

"Nitamwambia Mama. Jumapili, kisha misa, wakati kasiksi iko tayari. Akikunywa kidogo, roho yake inakuwa laini."

"Kamyo ni kesho!"

"Kamyo zitapita zingine, mama Victorine."

Nilimpenda mtu huyu, na bado nampenda. Lakini siku ile nilimwona kama gunia la viazi lililovaa kofia. Miezi mitatu nimeandika na mtoto begani, kreyo nimeichonga mpaka imebaki kama jino, na yeye ananiambia kamyo ni nyingi! Ningeweza kwenda mwenyewe kwa Mama. Lakini mke akimshitaki mume kwa mama yake, anasikika kwa sikio moja tu, na sikio lenyewe ni bovu. Ilibidi aseme yeye.

Saa kumi tukakaa mkekani. Daphrose alikuja na kikapu chake. Munyakazi alikaa mlangoni na mrija, anaonja kasiksi changa ya siku mbili, ile aliyonifutisha mimi katika sura ya tatu. Mama akanawa mikono, akaishusha kaye kutoka kichanjani, akaniwekea mapajani.

"Soma tena ile mubaya. Tunatafuta pahali pa kukata."

Nikafungua. Nikasoma mama mkwe alivyokwenda misa, mlango ulivyofungwa, chungu kilivyowekwa motoni. Maziwa yakapanda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtoto akanywa, akanenepa. Sura ikaisha hapo, ukurasa ukaisha. Mimi sikuisha. Macho yangu yakabaki kwenye karatasi, na mdomo ukaendelea:

"Kesho yake ng'ombe akakauka. Mama mkwe akasema, ni moto. Pétronille akalia. Lakini mume wake alijua jambo, akalificha moyoni. Maana siku ile aliyoaga kwamba anampeleka ng'ombe kulamba chumvi, hakumpeleka kwenye chumvi. Alimpeleka kwa dokta, akadungwa. Na usiku mume yule alipolala karibu na mke wake, na kumsikia anavuta kamasi gizani, alijifunika blanketi kichwani, akajifanya anakoroma."

Mlangoni, mrija ukatoa sauti ya kitu kilichopitia njia isiyo yake. Munyakazi akakohoa mpaka kasiksi ikatoka puani.

Mama hakuacha kuambua maharagi. Aliambua ganda moja, la pili.

"Munyakazi."

"Mama."

"Ile bwana ya Pétronille, alipelekaka ngombe kwa chumvi siku gani?"

"Sijui, Mama. Hii hadithi haiko yangu."

"Jumatatu," akasema Daphrose, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja chenye maharagi.

Hata Victorine aliacha kutafuna ganda lake. Munyakazi akaweka mrija chini, akavua kofia.

"Mama, iko sindano ya ugonjwa. Kwa jirani yetu Kanyamibwa ngombe tatu zilikufa, uliona na macho yako. Niliogopa Gaju itakufa. Kisha nikaogopa weye."

"Ukaogopa mimi, ukaacha bibi yako nimutukane."

"Njo vile, Mama."

"Baba yako alikuwa vile vile," akasema Mama, na sikujua kama ni tusi ao ni kumbukumbu. Kisha akanigeukia mimi. "Na weye. Haukugeuza ukurasa."

Mtu asiyejua herufi hata moja!

"Miezi mitatu ninakuangalia ukisoma. Kila mara unageuza, unalamba kidole. Leo haukulamba. Ile umesema, imeandikwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi iko bongo, umetudanganya."

"Hapana, Mama. Ni sura ya tisa. Haijaandikwa bado."

Akaambua maganda matano, niliyahesabu.

"Iandike. Hadithi haiwezi kuisha na ngombe imekauka na bwana amejifunika blanketi. Watu ya Bukavu watasema huku juu hatuna akili. Na uandike kwamba maziwa ilirudi."

Jumamosi niliandika kwenye kizingiti tangu jogoo wa pili. Munyakazi alichukua mtungi akaenda kisimani mwenyewe. Wanawake walimcheka hadi huku juu tukasikia. Victorine alikuwa mgongoni mwa Mama, na Mama alikuwa mgongoni mwangu, namna ya kusema.

"Imefika wapi?"

"Bado analia, Mama."

"Amelia ya kutosha. Leta ngombe."

Nilipoandika ng'ombe akirudi malishoni, Mama akaenda kukamua. Gaju akatoa nusu ya chombo, povu juu. Mama akanionyesha kwa furaha kubwa.

"Unaona? Umeandika, imerudi."

Nilitaka kumweleza tena habari ya sindano na siku nne ao tano. Kuna vita ambavyo mwandishi anaviacha.

Honi ya kamyo ikalia chini ya kilima. Nikatafuta kaye zangu, hazikuwepo. Mama alikuwa amezifunga zote mbili ndani ya jani la ndizi, kwa kamba ya mgomba, pamoja na donge la siagi kubwa kama ngumi. Na chupa ya kasiksi, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi.

"Mama! Ni kiwanda cha vitabu!"

"Biko bantu ndani?"

"Ndiyo, Mama, lakini..."

"Banakula?"

"Wanakula, Mama."

"Basi. Muntu hatume mutoto wake kwa bantu na mikono mitupu."

Nikakimbia. Njiani nikalifungua jani, nikaokoa nilichoweza. Siagi ilikuwa imekwisha kuingia ukurasa wa kwanza, pale penye Elisabethville. Jina lote lilikuwa linang'aa, na huwezi tena kulisoma. Nikafunga siagi peke yake, nikafika barabarani bila pumzi.

Polycarpe, shati wazi mpaka kitovuni, akazipokea kaye kwa mikono miwili, akaziweka mbele, karibu na kioo. "Ya Bukavu. Madame aliniambia. Na chupa?"

"Ya Bukavu pia."

"Bukavu iko mbali, mama. Na barabara iko na mavumbi." Akaitikisa chupa kidogo, akasikiliza.

Nilijua chupa ile haitapita Mubambiro, kabla hata ya Goma. Haikunisumbua. Kaye zilipita mbele ya macho yangu nyuma ya kioo, kijani na kijani, kamyo ikapinda, na nikabaki na mikono inayonuka siagi.

Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa. Mchana, na jua lote lile. Nikausukuma. Mama alikuwa ameinama mbele ya mafiga, Victorine mgongoni, na juu ya moto kulikuwa na chungu kidogo.

"Ingia, funga. Moshi itaonekana inje."

Nikachungulia. Maziwa. Yalikuwa yanaanza kutetemeka pembeni.

"Mama... ni ya Gaju?"

"Weye uko na wazimu? Gaju njo inapona." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Iko ya Daphrose. Nimebadilisha na maharagi." Maziwa yakapanda, akayapuliza kama anavyompulizia mtoto uji, yakashuka. "Na ile madame yako, anasema ipande mara ngapi?"

"Mara tatu, Mama."

"Tatu!" Akatikisa kichwa, akasukuma kuni ndani. "Masikini ngombe ya Daphrose."